Gari iko chini, tela iko juu: jinsi ya kuipandisha na kuifikisha salama

Wengi wakisikia habari ya kubeba gari kwenye tela wanawaza mikanda na winchi, mimi siku hizi nawaza futi kamba. Nasema hivi kwa sababu nimeshakwangua bampa la mtu, nimeshakwaruza mlango kwenye madigadi ya tela, na nimeshavuta tela linalokata kiuno barabarani mpaka mikono ikalowa jasho, na mara zote tatu kosa lilifanyika gari ikiwa bado imesimama uani na mimi najiona nina haraka.

Mfano nitakaotumia ni Toyota MR-S, ile ya viti viwili yenye injini nyuma ya viti, tuliyoitoa Dar kwenda Iringa, kama kilomita 500 hivi. Ni gari nyepesi, karibu kilo 1,000 tu, na fupi, haifiki mita 4, kwa hiyo ukiitazama unaona kazi ndogo. Ila kwa chini ilikuwa na bodikiti na springi fupi, mdomo wa bampa uko sm 12 kutoka ardhini, na mwenyewe kashasema kabisa kaka, nikikuta mkwaruzo tutagombana.

Anza na bampa. Chukua futi kamba, pima kutoka pale tairi la mbele linapogusa ardhi mpaka chini ya ncha ya bampa, halafu pima ile ncha iko juu kiasi gani. Sisi tulipata sm 85 kwenda mbele na sm 12 kwenda juu. Gawanya 85 kwa 12 unapata kama 7, maana yake gari hii inaweza kupanda mlima ambao kila sm 7 za kwenda mbele unainuka sm 1, ukizidi hapo bampa linafika kabla ya tairi. Sasa pima tela. Kitanda cha tela letu, pale nyuma gari inapoingilia, kilikuwa sm 60 kutoka chini. 60 mara 7 ni 420, kwa hiyo rampu zinatakiwa ziwe na urefu wa mita 4 na kidogo. Zile zilizokuja na tela zilikuwa na mita 1.8. Hapo ndipo unaelewa kwa nini lile bampa la mwanzo liliondoka na rangi.

Na usiishie kwenye bampa, maana kuna tumbo. Matairi ya mbele yakishapanda kitandani na ya nyuma bado yako kwenye rampu, ile kona ya juu inakuwa katikati ya gari, na hapo ndipo sakafu na sketi za pembeni zinapokaa. Kuna hesabu ya haraka ninayotumia, chukua umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma, kwa MR-S ni sm 245, gawanya kwa 4, halafu gawanya tena kwa ile namba ya mlima. Kwa mlima wa 7 unapata karibu sm 9, tumbo letu lilikuwa sm 12, linapita. Kwa zile rampu fupi za mita 1.8, ambazo ni mlima wa 3, unapata sm 20, yaani hata kama bampa ungelivua ukaliweka kando bado gari ingekaa pale juu kama mbuzi kwenye ukuta, mbele haiendi nyuma hairudi. Kuitoa hapo bila kuumiza kitu ni kazi ya jeki na saa nzima.

Rampu za mita 4 za kununua ni ghali na hazina pa kuwekwa, kwa hiyo badala ya kurefusha rampu punguza kimo. Njia rahisi kuliko zote ni ardhi yenyewe, tafuta uwanja wenye mwinuko, shusha tela kwenye bonde halafu mkia wake utazame ule mwinuko. Ukipata mahali ambapo ardhi ya nyuma imeinuka sm 30, kimo kilichobaki ni sm 30, na mbao ya mita 2.1 inakutosha. Njia ya pili ni kuinua pua ya tela, yaani ule mkono wa mbele unaokaa kwenye boli, ile gololi kubwa iliyo nyuma ya pikapu inayovuta. Tela likiwa limefungwa kabisa kwenye pikapu, rudisha matairi ya nyuma ya pikapu juu ya mbao pana zilizopangwa sm 15, pua inapanda na mkia unashuka. Kwetu, kutoka boli mpaka katikati ya ekseli ni mita 3.5 na kutoka ekseli mpaka mkiani mita 2, kwa hiyo mkia ulishuka kama sm 8 na nusu, na kitanda chenyewe kikalala kidogo, kwa hiyo ile kona ya tumbo nayo ikapungua makali. Tukaongeza mbao ngumu za inchi 2 kwa 10, mbilimbili kila upande, chini yake katikati tukaweka magogo zisibonyee, na kwenye ncha za juu tukapiga chuma cha pembe ili zidake kitandani. Mbao ya paini usijaribu, na usiweke mbao ikaelea tu hapo mkiani bila kushikizwa. Gari inayosukumwa na matairi ya nyuma ikishakanyaga rampu inairusha rampu kwa nyuma, hii nimeiona kwa macho yangu, mbao iliruka ikapita sentimita chache kutoka kwenye mguu wa kijana aliyekuwa anaelekeza "njoo njoo njoo".

Kabla gari haijagusa rampu kuna kitu ambacho watu wanakisahau sana, ni kukita mkia wa tela. Fikiria, gari ikianza kupanda uzito wote uko nyuma kabisa, tela linakuwa kama bembea, mkia unashuka na pua inapanda na kuinua kitako cha pikapu. Sasa hendibreki ya pikapu iko matairi gani? Ya nyuma. Yakinyanyuka, au hata yakipungukiwa uzito tu, huna hendibreki, na pikapu, tela na gari ya mtu vyote vinaanza safari bila dereva. Weka stendi za jeki au magogo chini ya pembe mbili za mkia, matairi ya pikapu yapige kabari mbele na nyuma, pikapu iwe kwenye gia, na mtu asikae ndani ya pikapu anachezea simu.

Kupandisha penyewe mimi napendelea winchi hata kama gari inawaka. Injini haina upole, winchi inao, inavuta sm kwa sm na unaweza kusimama ukachungulia chini. Winchi ifungwe kwenye ndoano ya kuvutia ya gari, ile ya kuskrubu inayokaa na vifaa vya spea, iskrubu mpaka mwisho kabisa, na ujue kuna magari uzi wake unakaza kwa kuzungushia kushoto. Waya ukishakaza tupia juu yake koti zito au gunia lenye mchanga kidogo, ukikatika hauruki mbali, na hakuna mtu kusimama kwenye mstari wa waya, wala kuuvuka. Ndani ya gari akae mtu mmoja wa usukani, switchi iwe imefunguliwa ili stelingi isijifunge, gia frii, mguu uwe tayari kwenye breki, ila akumbuke kama injini haijawaka breki inakuwa ngumu, akanyage kwa nguvu.

Halafu kioo cha dirisha kiwe chini, dereva apate pa kutokea. Hili nalisisitiza kwa sababu ya ule mlango. Magari haya yana milango mirefu na yako chini, ukishaingia kitandani mlango unakutana na madigadi ya tela, unafungua sm 10 na imetosha. Mimi nilijua ninaweza kujipenyeza, nikasukuma kidogo, chuma cha madigadi kikaandika kumbukumbu mlangoni. Sasa hivi madigadi navua, au kama gari ni ya turubai kama hii unashusha turubai na kutoka kwa juu kama mtoto anayetoka kwenye beseni. Haipendezi kutazama ila rangi inabaki salama.

Sasa gari iko juu, unaiweka wapi? Hapa ndipo nilipojifunza jambo lenyewe, na nililipia kwa hofu. Safari ya kwanza ya hii MR-S niliipandisha mbele kwa mbele kama ninavyopandisha gari nyingine yoyote, nikafunga mikanda, tukaondoka Kimara alfajiri. Mpaka Mlandizi sawa. Kwenda Chalinze barabara ikafunguka, nikafika 80, basi la mkoani likanipita, upepo wake ukalisukuma tela, na tela likaanza kucheza, kushoto kulia kushoto kulia, kila mchezo mkubwa kuliko uliotangulia, na nikiangalia kwenye sait mira naona gari ya watu inaonekana upande huu halafu upande ule. Niliondoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani sawa bila kuufukuza, sikugusa breki, speed ikashuka mpaka kama 50 likatulia lenyewe. Hilo la kutokugusa breki ya mguu ulishike, kwa sababu ukikanyaga pikapu inapungua na tela linaendelea kusukuma, linakukunja kama kisu. Na usijaribu kukimbia ili "ulinyooshe", unaongeza kuni kwenye moto.

Chalinze nikapaki pembeni ya malori, mzee mmoja dereva wa semi alikuwa anapiga piga matairi yake kwa rungu akaliangalia tela langu bila kusema kitu. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba kijana, halafu akaenda mbele akashika pua ya tela pale kwenye boli akaiinua kwa mikono miwili. Ikatikisika. "Pua yako nyepesi hii. Injini ya hako kagari iko wapi?" Nikamwambia nyuma. Akacheka. "Sasa wewe umebeba injini mkiani. Geuza."

Maelezo yake kwa hesabu ni haya. Tela linataka uzito kiasi fulani ulale puani, ukikosekana mkia ndio unaongoza na tela linacheza. Kwa tela la aina hii watu wengi wanalenga kama asilimia 10 ya uzito wote wa tela na mzigo. Tela letu ni kilo 600, gari 1,000, jumla 1,600, kwa hiyo puani tunataka karibu kilo 160. Gari yenye injini mbele inajipanga yenyewe ukiiingiza mbele kwa mbele. MR-S karibu asilimia 58 ya uzito iko ekseli ya nyuma, yaani kitovu cha uzito kiko kama sm 20 nyuma ya katikati. Ukiigeuza ikae kinyumenyume, kitovu hicho kinahama sm 40 kwenda mbele ya tela. Kilo 1,000 mara mita 0.4 gawanya kwa mita 3.5 za kutoka ekseli mpaka boli, unapata zaidi ya kilo 110. Kwa kuigeuza tu gari, bila kuongeza wala kupunguza kitu, umehamishia puani uzito wa mtu na nusu. Porsche 911 na nyingine zenye injini nyuma hesabu yake ni hiyohiyo, na Mazda MX-5 ambayo uzito wake umegawanyika karibu nusu kwa nusu haikupi shida hiyo, unaisogeza mbele au nyuma kidogo tu.

Usikisie, pima. Azima mizani ya jukwaa ile ya kupimia magunia sokoni, paki tela mahali tambarare, piga kabari matairi yake, lifungue kwenye pikapu, na ule mguu wa mbele unaoshikilia pua ukae juu ya mizani, kitanda kikiwa kimelala sawa kama kinavyokuwa barabarani. Ikisoma pungufu, sogeza gari mbele sm 10, pima tena. Ikizidi kile kilichoandikwa kwenye kibao cha boli la pikapu yako, rudisha nyuma, kwa sababu pua nzito nayo inakandamiza kitako cha pikapu na usukani unakuwa mwepesi kwa mbele. Ukishapata sawa piga mstari wa rangi kitandani pale matairi yalipo.

Ukiibeba gari kinyumenyume kuna vitu viwili vya kuangalia. Upepo sasa unatokea nyuma ya gari, kwa hiyo turubai na kile kifuniko cha injini vinakutana na upepo kwa upande ambao havikutengenezewa, kifuniko kikiwa hakijakaa vizuri kwenye loki kitafunguka njiani. Hakikisha loki, piga na selotepu ile pana ya karatasi ya mafundi rangi, na turubai lifungwe sawasawa. Na alarm izime, gari ikiinama tu zinaanza kupiga kelele, utapita Morogoro mjini watu wanadhani umeiba.

Mikanda. Funga matairi, usifunge bodi. Ukivuta bodi chini, springi zinabonyea, ukikuta tuta gari inabonyea zaidi, mkanda unalegea sekunde moja na ndoano inachomoka. Ukifunga tairi lenyewe kitandani, bodi inacheza juu ya shokapu zake kama kawaida na mkanda haujui kitu. Mikanda minne ya racheti ya mm 50, kila tairi wake, ukipita juu ya tairi na kushikwa mbele na nyuma yake. Soma kile kitambaa kilichoshonwa kwenye mkanda. Ile 5T iliyoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni uzito wa kukatika, unachotafuta ni LC, yaani nguvu ambayo mkanda unaruhusiwa kushikilia, mfano LC 2500 daN, ambayo ni kama kilo 2,500. Kwa kipimo cha Ulaya mzigo unatakiwa ushikiliwe kwa nguvu ya 0.8 ya uzito wake usiende mbele unapofunga breki, kwa gari hii ni kilo 800, na nusu ya uzito kwa pembeni na nyuma, kwa hiyo mikanda mizima inakutosha na kubaki. Mizima nimesema. Uliochanika ukingoni au ulioungwa kwa fundo, kata utupe. Ukilazimika kushika bodi, tumia yale matundu na ndoano za chini ambazo gari ilifungiwa melini, usining'inize kwenye stabilaiza, mkono wa stelingi, wala karibu na bomba la breki. Pale mkanda unapopita kwenye chuma chenye makali weka kipande cha tyubu kuukuu, na uzungushe mkanda mzunguko mmoja, hautapiga ule mlio wa "vuuuu" njia nzima. Gari ibaki kwenye gia na hendibreki, halafu kabari mbele ya matairi.

Tela lenyewe, angalia namba nne za mwisho za tarehe kwenye tairi, 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018, matairi ya tela yanazeeka yamesimama, kashata zipo lakini mpira umepasuka pembeni. Minyororo ya usalama ipite kwa kukingamana chini ya pua, taa zote zijaribiwe na mtu akiwa nyuma. Makaratasi ya gari na ya tela yawe karibu, na uulize bima yako kama inalipa gari iliyobebwa, nyingine zinalipa inayovuta tu. Pikapu tani 2 na tela tani 1.6, umeshavuka tani 3.5 za kulazimika kupima uzito, ukifika Vigwaza ingia mizani usijifanye huoni.

Barabarani, kilomita 15 za kwanza simama. Mikanda yote itakuwa imelegea kidogo, kaza tena. Simama tena Chalinze, tena Morogoro, na kila ukisimama gusa kitovu cha kila tairi la tela kwa nyuma ya mkono, cha uvuguvugu sawa, ambacho huwezi kuacha mkono beringi inalia. Matuta yaingie taratibu kabisa, na zile rasta, vituta vidogo vya mfululizo, usizipite kwa kasi ukidhani ni ndogo, zile ndizo zinazolegeza mikanda kuliko tuta kubwa. 80 ndiyo mwisho, vijijini 50. Mikumi pita mchana, barabara inakata hifadhi karibu kilomita 50 na tembo hajali kama una tela. Mlima Kitonga panda kwa gia ndogo nyuma ya malori, usitamani kuyapita, na wakati wa kurudi, kushuka, ingia gia ndogo hapo juu kabla mteremko haujaanza.

Kushusha ni kinyume cha kupandisha ila watu wanachoka wanaruka hatua. Stendi chini ya mkia kwanza, kabari kwenye pikapu, rampu, winchi ikaze waya, ndipo ufungue mikanda, wa mwisho ukiwa ule unaoizuia gari isiserereke kwenda mkiani. Iringa tulifika saa moja jioni na baridi lake, mwenye gari akaja na tochi ya simu, akapiga magoti kwenye vumbi akamulika chini ya bampa kutoka upande mmoja mpaka mwingine, kimya, halafu akainuka akauliza, "Kaka, huu mstari wa rangi kitandani ni wa nini?" Nikamwambia ni wa kwake, siku akiirudisha Dar matairi yakae hapo.